Mkono wa Mpagazi Ulipodondoka Darasani

Ilikuwa fildi, kidato cha pili, kipindi cha historia, mada biashara ya masafa marefu. Msimamizi amekaa nyuma na fomu yake ya alama. Mezani nina wapagazi sita wa mbao, kila mmoja urefu wa kidole cha kati, wanapeleka pembe za ndovu kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Nikampa mwanafunzi wa mbele mmoja amshike. Mkono ukabaki kwake, mpagazi akaanguka sakafuni. "Mwalimu, huyu amefia njiani!" Darasa zima kicheko, na sikulipata tena mpaka kengele.

Usiku ule nilikaa na supaglu yangu nikijiuliza kosa liko wapi, maana nilipaka nyingi kweli. Kumbe hilo lenyewe lilikuwa kosa. Supaglu huganda kwa kukutana na unyevu, ule kidogo ulioko hewani na juu ya kitu chenyewe. Ukipaka tabaka jembamba inashika ndani ya sekunde chache. Ukimwaga tone zima, juu panakuwa pagumu na ndani bado majimaji.

Halafu ikishaganda ni ngumu ila haina mnyumbuko. Ukivuta moja kwa moja inavumilia, ukisukuma kwa pembeni inaachia. Sasa mkono wa sanamu ni wenzo, tulisoma wenyewe: bega limegusana kwa milimita nne tu, kiganja kiko sentimita tatu mbali. Mtoto akigusa kiganja kidogo, begani kazi imekwisha.

Pembe ndiyo ilikuwa aibu kubwa zaidi. Nilizikata kwenye mfuniko mweupe wa ndoo, na plastiki ya ndoo na madumu haikubali supaglu. Unaweza kuukwangua kwa msasa mpaka asubuhi, bado zitabanduka.

Dawa ni pini. Nyoosha kibanio cha karatasi, waya wake una unene wa karibu milimita moja, kata kipande cha sentimita moja kwa koleo. Nusu iingie begani, nusu mkononi. Tundu nilitoboa kwa biti ya milimita moja niliyoazima kwa fundi redio, nikiizungusha kwa vidole taratibu. Ukilazimisha, mbao inapasuka. (Mkono wenyewe uchonge ukifuata nyuzi za mti. Ukizikata nyuzi, utavunjika kwenye kiwiko na pini haitakusaidia.)

Kazi ngumu ni kufanya matundu mawili yaangaliane. Toboa la begani kwanza, weka doti ya wino wa biki kwenye ukingo wake, kisha ubandike mkono mahali pake na kuubana kidogo. Wino utahamia. Toboa hapo hapo. Jaribu bila gundi kwanza, ukiona pini inagota punguza waya. Ikikaa sawa, paka gundi nyeupe ya mbao, funga kwa uzi, acha mpaka kesho. Supaglu nilibakiza kwa waya tu. Pembe nazo zikachomwa pini mpaka begani, hapo pini ndiyo inayobeba na si gundi.

Tahadhari moja: usifute supaglu kwa pamba. Zikikutana zinapata joto hadi kuunguza. Vidole vikigandana, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, usivivute kwa nguvu.

Wiki iliyofuata nilirudia mada kwa mkondo mwingine, safari hii bila msimamizi, kwa hiyo alama zile zimebaki zilivyo. Wapagazi wakapita dawati hadi dawati. Kuna aliyemnyanyua mmoja kwa ncha ya pembe, akaning'inia mzima mzima. Wakawashika, wakawageuza, wakawapanga mstari. Kisha binti mmoja akauliza, "Mwalimu, hawa mbona hawana chakula? Walikula nini njia nzima hiyo?"

Nilikuwa sijaandaa jibu. Jioni nikaanza kuchonga magunia.