Kitanda Hakikumzuia Kuchora

Mama mpendwa, je, umewahi kumnyang'anya kijana wako mgonjwa penseli na karatasi ukimwambia apumzike? Mimi muuguzi nimefanya hivyo. Usiku mmoja wodini, binti wa miaka 19 mwenye selimundu alikuwa akichora kitandani na rangi ikamwagikia shuka. Nilichukua vitu vyake vyote nikavifungia katika kabati la dawa. Alfajiri akaniuliza kwa upole, "Sista, sasa maumivu yakija nitafanya nini?" Sikuwa na jibu.

Baadaye nilisoma habari za Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko, aliyezaliwa mwaka 1907. Alipokuwa na miaka 6 aliugua polio, na mguu wa kulia ukabaki mwembamba. Septemba 17, 1925, akiwa na miaka 18, mwanafunzi anayetamani kuwa daktari, basi alilopanda liligongana na tramu. Uti wa mgongo na nyonga vilivunjika.

Hapa mnisikilize, akina mama. Mama yake hakumwambia alale tu. Alimtengenezeshea ubao wa kuchorea akiwa amelala chali, na juu ya kitanda kikafungwa kioo. Baba yake, mpiga picha, akampa rangi zake. Binti akajitazama kiooni, akajichora. Hata hogo alilofungwa kiwiliwili alilipaka michoro!

Uchoraji haukumponya. Alipasuliwa mara nyingi, na maumivu hayakumwacha. Mwaka 1953 madaktari walimkataza kuondoka kitandani. Basi kitanda kikatangulizwa kwenye maonyesho ya picha zake, naye akafuata kwa ambulensi. Alifariki mwaka 1954, akiwa na miaka 47.

Kama kijana wako ana selimundu, asikae barazani penye baridi akichora. Chupa ya maji iwe karibu, na dawa ya maumivu apewe kwa wakati, kama daktari alivyoelekeza, si mpaka alie. Achore kidogo, apumzike. Siku akishindwa kushika brashi, usimuulize picha iko wapi. Na shuka, mama, hufuliwa.

Yule binti nilimrudishia vitu vyake kabla sijatoka zamu. Mwezi uliofuata alikuja kliniki na karatasi aliyoikunja mara nne. Alikuwa amechora kabati la dawa, lina kufuli kubwa, na pembeni yake sista mnene ameshika funguo.