Pikipiki mpya, umeme mbovu: Mnunuzi wa Kilombero akague nini kabla ya kulipa

BONDE la Kilombero linaufahamu vyema umeme. Maji ya mito huzungusha mitambo ya Kidatu yenye uwezo wa megawati 204 na ile ya Kihansi yenye uwezo wa megawati 180, na umeme huo huingizwa katika gridi ya Taifa.

Lakini mjini Ifakara, zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam, dereva wa bodaboda anaweza kukosa volti 12 tu za kuwasha taa ya pikipiki aliyoitoa dukani wiki tatu zilizopita.

Dalili zinafahamika. Asubuhi stata hugoma, honi hutoa sauti ya kukwama, indiketa hubaki zimewaka bila kupepesa, fyuzi huungua mara kwa mara, au injini huzimika ghafla mvua inapoanza kunyesha.

Wapo wanaohitimisha mara moja kwamba wameuziwa pikipiki feki. Wengine humkimbilia fundi wa chini ya mwembe, ambaye hukata waya, huunganisha upya na kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha.

Njia zote mbili zinaweza kumpotosha mwenye chombo. Hitilafu za aina hii mara nyingi hazitokani na kifaa kikubwa kilichokufa, bali na mambo matatu yanayoonekana madogo: betri ambayo haikuandaliwa, maungio ya waya yaliyolegea, na mfumo wa kuchaji ambao haukupimwa. Kwa sehemu kubwa, yote matatu yanaweza kugunduliwa dukani kwa dakika chache.

Suala hili si dogo kwa wakazi wa bonde. Tangu Daraja la Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2018 kuchukua nafasi ya kivuko cha Mto Kilombero, pikipiki haisubiri tena zamu ya kuvuka kwenda Lupiro na Mahenge. Husafirisha mpunga kutoka mashambani, abiria kutoka stesheni ya Tazara, na usiku wa manane mama mjamzito anayewahishwa Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Francis.

Taa ikizimika katikati ya safari kama hiyo, hasara haihesabiwi kwa shilingi.

Ili kuelewa tatizo, ni vyema kwanza kufahamu jinsi umeme wa pikipiki unavyofanya kazi. Ubavuni mwa injini mna sumaku inayozunguka karibu na koili za waya wa shaba, ambayo mafundi huiita magineto. Mzunguko huo huzalisha umeme wa mkondo geu.

Umeme huo hupita katika kifaa kiitwacho rektifaya, ambacho huugeuza kuwa mkondo mnyoofu na kuzuia volti zisizidi kiwango, kisha hupelekwa kwenye betri. Kifaa kingine, CDI, ndicho kinachoamua wakati wa plagi kutoa cheche. Vyote hivyo huunganishwa na furushi la nyaya linalopita chini ya tangi la mafuta na kuzunguka shingo ya usukani.

Hatua ya kwanza inayoharibika ni ya betri. Betri nyingi za pikipiki zinazojazwa maji ya tindikali husafirishwa zikiwa kavu na kujazwa dukani. Baada ya kujazwa, betri huhitaji kutulia na kisha kuchajiwa taratibu kwa saa kadhaa, kwa mkondo usiozidi sana sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Betri ya ampea-saa 5, kwa mfano, huchajiwa kwa nusu ampea.

Muuzaji mwenye haraka huijaza na kumkabidhi mteja saa hiyo hiyo. Betri hiyo itawasha stata siku za mwanzo, lakini haitafikia uwezo wake kamili na maisha yake yatakuwa mafupi. Aidha, kizibo kidogo cha tundu la kupumulia kikisahauliwa bila kuondolewa, hewa hukosa pa kutokea na gamba la betri huvimba.

Hatua ya pili ni ya uunganishaji. Pikipiki nyingi huingia nchini zikiwa ndani ya makasha, sehemu zake zikiwa zimetenganishwa, na kukamilishwa na mafundi wa maduka. Nyaya zikibanwa kati ya tangi na chasisi, au zikikazwa mno shingoni mwa usukani, ngozi yake huchunika kidogo kidogo kila dereva anapokata kona. Shaba inapogusa chuma, hupiga shoti na fyuzi huungua.

Vivyo hivyo kwa waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye betri kupitia chasisi. Ukifungwa juu ya rangi badala ya chuma kitupu, umeme haupiti vizuri. Matokeo yake ni taa kufifia, au indiketa kumulika hafifu kila breki inapokanyagwa.

Hatua ya tatu ni mazingira ya bonde lenyewe. Ardhi oevu ya Kilombero, iliyoingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar mwaka 2002, hufurika wakati wa masika, na kiangazi barabara za vumbi hujaza mchanga kila penye upenyo. Maungio yasiyo na mipira ya kuzuia maji hupata kutu ya kijani, nayo kutu hiyo huzuia umeme.

Ndiyo maana pikipiki inayozimika mvuani haimaanishi kwamba CDI imekufa. Kabla ya kununua nyingine, fundi anapaswa kukagua kofia ya plagi, swichi ya kuzimia injini na maungio yaliyo chini ya tangi, kwani hayo ndiyo yanayolowa kwanza.

Hata hivyo, si kila dalili ni ubovu. Katika baadhi ya pikipiki ndogo, taa kubwa hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye magineto. Taa hiyo hufifia injini inapounguruma taratibu na kung'aa mafuta yanapoongezwa. Hivyo ndivyo ilivyoundwa.

Kipimo cha uhakika ni mita ya umeme, kifaa ambacho fundi wa umeme anapaswa kuwa nacho. Betri yenye afya, injini ikiwa imezimwa, husoma takriban volti 12.6 au zaidi kidogo. Injini ikiwashwa na mafuta kuongezwa kiasi, kipimo kinatakiwa kupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi.

Kikibaki chini ya 13, pikipiki haichaji ipasavyo. Kikivuka 15, rektifaya imeshindwa kudhibiti umeme, na muda si mrefu itakausha betri na kuunguza balbu.

Hesabu rahisi inaonyesha uzito wa jambo hilo. Balbu ya wati 35 hutumia karibu ampea 3. Inapotegemea betri ya ampea-saa 5 isiyochajiwa, betri hiyo hata ikiwa imejaa itamalizika kabla ya saa mbili. Ukiongeza taa za mapambo, redio na chaji ya simu, muda huo hupungua zaidi.

Mnunuzi basi anashauriwa kudai kipimo hicho kifanyike mbele yake, kisha awashe taa zote, apige honi, ageuze usukani kulia na kushoto hadi mwisho injini ikiwa inaunguruma, na kuangalia kama chochote kinazimika. Anapaswa pia kuuliza betri ilijazwa lini na kama ilichajiwa.

Upande wa sheria, mnunuzi hayuko peke yake. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti kuhusu ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa kazi iliyokusudiwa. Lakini ina tahadhari: aliyeikagua bidhaa hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo kasoro ikionekana dukani, irekebishwe kabla ya malipo au iandikwe kwenye hati ya mauzo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mlaji kupotoshwa, na ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani (FCC). Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilianza mwaka 2012 utaratibu wa kukagua ubora wa bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijasafirishwa. Cheti cha ukaguzi huo, hata hivyo, hakiwezi kusema lolote kuhusu waya uliobanwa na fundi baada ya kasha kufunguliwa Ifakara.

Anayeumia zaidi ni dereva wa mkataba, yule anayemlipa mwenye pikipiki marejesho ya kila siku au kila wiki hadi chombo kiwe chake. Risiti na kadi ya dhamana huwa kwa tajiri, wakati ubovu huwa kwa dereva. Pikipiki ikilala, deni halilali.

Dereva huyo hubanwa na njaa ya siku hiyo, akamruhusu fundi wa karibu akate furushi la nyaya. Jioni anafanya kazi, lakini muuzaji amepata sababu ya kukataa dhamana, na chanzo cha hitilafu kimefichwa chini ya tepu nyeusi.

Hatari zaidi ni fyuzi iliyoungua kubadilishwa na kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara. Fyuzi huungua ili kulinda nyaya. Ikiondolewa, nyaya ndizo zitakazoungua, tena chini ya tangi la petroli.

Dawa yake ni makubaliano ya maandishi mapema: nakala ya risiti na ya dhamana ibaki kwa dereva, na siku ambazo pikipiki iko kwa muuzaji kwa ubovu wa kiwandani au wa uunganishaji zisihesabiwe katika marejesho.

Kanuni za mwaka 2010 ziliipa bodaboda nafasi rasmi katika usafiri wa abiria nchini, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inadai taa zinazofanya kazi. Trafiki atakayemsimamisha dereva usiku hatauliza kama kosa ni la kiwanda, la duka au la fundi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mnunuzi wa pikipiki mpya Ifakara, ufa huo huonekana kwenye mita ya fundi, na mahali pa kuuziba ni pale pale dukani.