Sambaza ao maharagwe? Kura ya watoto nyumbani

Siku ya 20 Desemba 2023 watu wengi wa Goma walirudi nyumbani na wino kwenye kidole. Watoto wakauliza: «Papa, hii ni nini?» Wengi tulijibu: «Mambo ya wakubwa, wende ucheze.» Tulikosea. Kupiga kura ya kweli ni mpaka miaka 18, lakini mtoto wa miaka sita anaelewa vizuri kama anacheza mwenyewe.

Siku ya posho, waambie kwamba chakula cha siku ya Mungu watakichagua wao. Wagombea ni wawili: bugali na sambaza, ao wali na maharagwe. Chora sahani hizo kwenye vikaratasi, maana wadogo hawajui kusoma; hata kwenye kura ya kweli kuna picha ya mgombea na namba yake. Katoni ya sabuni iliyotobolewa juu ni sanduku. Kitenge kilichotundikwa pembeni ni chumba cha siri. Aliyemaliza apakwe masizi ya sufuria kidoleni, asirudie. Halafu muhesabu kwa sauti, kila karatasi ionyeshwe kwa wote, na matokeo yabandikwe mlangoni kama kwenye biro ya kura.

Mkubwa atataka kuchungulia karatasi ya mdogo wake. Kataa kabisa. Wazee wanakumbuka mwaka 1970: mgombea alikuwa Mobutu peke yake, karatasi ya kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana, na siri hakuna. Nani angethubutu kushika nyekundu?

Tena kuna kushindwa. Nyumba moja ninayoijua, papa alitaka sambaza, watoto wakachagua maharagwe, naye akaagiza sambaza. Watoto wale hawakutaka kucheza tena. Mzazi akishindwa, ale maharagwe na asinune.

Swali gumu litatoka kwa mtoto aliyekimbia kutoka Rubaya, kule kwenye machimbo ya koltani: «Juu ya nini papa yangu hakukuwa na wino?» Mwambie kweli. Mwaka ule wa 2023 teritware za Masisi na Rutshuru hazikupiga kura, sababu ya vita.

Umwambie pia habari ya Beni. Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi, CENI, iliahirisha kura ya Beni na Butembo mpaka Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Rais aliapishwa Januari bila kura zao. Lakini siku ya 30 Desemba, wakati nchi inachagua, watu wa Beni walijitengenezea karatasi na masanduku, wakanawa mikono, wakapanga mstari, wakapiga. Hakuna karatasi hata moja iliyohesabiwa Kinshasa, na wakati wanasimama kwenye ule mstari walijua hivyo.