Usiifundishe fanksheni kukubali kila kitu

Swali ni lile lile, anabadilika muulizaji tu: "Nikiweka *args na **kwargs kwenye kila fanksheni, si itapokea chochote na hitilafu zitaisha?" Wanaouliza si wavivu. Ni vijana wanaoijua Python, wanaoziandikia ofisi za utalii hapa Arusha programu za kukokotoa bei, na wamechoka kukutana na TypeError kila mteja anapotaka nyongeza mpya. Jibu ni hapana. Hitilafu haziishi. Zinanyamaza tu, na hapo ndipo hasara inapoanza.

Tuchukue kazi wanayoifahamu: bei ya kupanda Mlima Meru. Kundi linaanzia lango la Momela, linalala Miriakamba, linalala tena Saddle, kisha usiku linaelekea kileleni, mita 4,566. Askari mwenye bunduki hutangulia, kwa sababu ya nyati. Hayo hayabadiliki. Yanayobadilika ni wapandaji wangapi, siku tatu au nne, nani ni raia wa Afrika Mashariki, nani mgeni mkazi na nani mgeni asiye mkazi (kiingilio cha hifadhi hakilingani kwa makundi hayo), na kama baada ya kushuka wanataka kupiga kasia kwenye ziwa la Momela Ndogo.

Kijana wetu anaandika gharama_ya_meru(**kwargs), na ndani yake anachungulia kwa kwargs.get("mtumbwi", False). Anafurahi: fanksheni moja, inapokea yote. Sasa mwenzake kwenye faili jingine anaiita akiwa ameandika mtubwi=True, herufi moja imeanguka. Python haisemi neno. Jina mtubwi linaingia kwenye kamusi iitwayo kwargs na kukaa humo bila mtu kulitazama. Fanksheni inatafuta mtumbwi, haiuoni, inachukua False, inatoa bei. Bei ni safi, ina nukta na mikato yake, imejumlishwa hadi kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Ila haina mtumbwi. Mteja amelipa, kundi limeshuka mlimani, na kosa linagundulika ziwani, mbele ya mgeni ambaye risiti yake haisemi alichoahidiwa.

Kama kigezo mtumbwi kingetajwa kwa jina kwenye mstari wa def, kosa lile lile lingekamatwa mara tu wito ule ulipojaribiwa, kwa TypeError inayotaja jina lisilojulikana. Ujumbe huo ambao vijana wanaukimbia ndio ulinzi wa bei bila malipo yoyote. Anayeufunga mdomo kwa **kwargs amemfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele mwizi alipoingia.

Huwa najibiwa kwamba Python yenyewe inafanya hivyo, "tazama print". Haya, tuitazame. Ndiyo, print inapokea thamani nyingi upendavyo. Lakini andika print("Meru", sepp="-") uone. Inakataa, papo hapo. Inapokea idadi yoyote ya vitu vya kuchapa, na majina machache yanayojulikana: sep, end, file na flush. Wingi wa vitu ni jambo moja, uholela wa majina ni jambo jingine kabisa, na imani yote hii potofu imejengwa juu ya kuyachanganya mawili hayo.

Kuna hasara ya pili pia, ya polepole. Mstari wa def ndio watu wanaousoma wanapotaka kuitumia fanksheni yako. Ukiandika **kwargs pekee, help() haina la kuwaambia, kihariri hakiwezi kuwapendekezea jina, na atakayeirithi programu ukishahama kazi atalazimika kusoma mwili mzima ajue siku inaitwa siku au idadi_ya_siku. Nimesoma misimbo ambamo yote mawili yalitumika, kila moja na chaguo-msingi lake. Si kitu cha kuchekea. Ni pesa za watu.

Na kuhusu chaguo-msingi: si kila kigezo kinastahili. Jiulize mtu akisahau kukitaja, matokeo yatakuwaje. Mtumbwi ukisahauliwa kuwa False, kundi halikuuomba, sawa. Uraia ukisahauliwa na wewe umeweka chaguo-msingi "raia", mgeni asiye mkazi atakadiriwa kiingilio kisicho chake, na tofauti italipwa na ofisi langoni. Uraia usiwe na chaguo-msingi. Atakayesahau azuiwe.

Halafu acheni chaguo-msingi la orodha tupu, kama wapagazi=[]. Python hukokotoa chaguo-msingi mara moja tu, inapoutekeleza mstari wa def, haitengenezi orodha mpya kila wito. Ukiongeza majina kwa append, wapagazi wa kundi la Jumatatu watatokea kwenye hesabu ya kundi la Jumanne, kimya kimya. Andika wapagazi=None, kisha ndani, kigezo kikiwa None, tengeneza orodha mpya.

Basi uandike nini? Hivi:

def gharama_ya_meru(wapandaji, *, siku=4, mtumbwi=False, wapagazi=None):

Kila mpandaji kwenye orodha abebe uraia wake, maana makundi huchanganyika. Nyota iliyosimama peke yake inalazimisha vinavyofuata vitajwe kwa majina. Ipo tangu Python 3.0 ya 2008, kwa hiyo hakuna kisingizio. Bila hiyo mtu ataandika gharama_ya_meru(kundi, 4, True), na hakuna atakayejua True ni ya nini. Kinyume chake ni mkwaju, /, ulioingia na Python 3.8 mwaka 2019: vilivyo kabla yake havitajwi kwa jina, ukabaki huru kuyabadilisha majina hayo baadaye. Vigezo vikizidi sita au saba, vikusanye kwenye dataclass. Tumia *args pale tu thamani zote ni za aina moja na kazi yao ni moja, kama max(4566, 3820, 3570) kwa kilele cha Meru, Meru Ndogo na Saddle; zikija tayari kama orodha, pokea orodha. Tumia **kwargs unapoifunika fanksheni nyingine na kuipitishia kila kitu kama kilivyo, nayo iliyo ndani ndiyo ikague. Kuita kwa gharama_ya_meru(**fomu) hakuna tatizo lolote, mradi inayopokea ni kali.

Aliyekwisha kujaza msimbo wake **kwargs asiuchome. Achukue fanksheni moja, akusanye kila jina linalochunguliwa kwa get, alipandishe kwenye mstari wa def, aifute **kwargs, kisha aendeshe majaribio yake. Kila TypeError itakayotokea ni mahali ambapo bei ilikuwa inapita bila kukaguliwa, na itamwonyesha faili na namba ya mstari.