Mimea ya Vyunguni Chumbani: Inachoweza na Isichoweza



Mwezi wa Julai, baridi inapobana huku kwetu nyanda za juu, mafrateri tuna desturi ya kufunga madirisha mapema, mara tu baada ya Masifu ya Jioni. Mwaka jana mwenzetu mmoja alikwenda mbali zaidi: aliingiza jiko la mkaa chumbani apate joto la kusomea. Alipoulizwa kama haogopi, alionyesha chungu kilichokuwa pembeni mwa meza, chenye ule mmea wa majani magumu yaliyosimama kama mapanga, wenye mistari ya njano ukingoni. Huitwa sansevieria. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba mmea huo husafisha hewa ya chumba kizima. Saa nne usiku jirani yake alimkuta amelalia daftari, kichwa kinamgonga na miguu haina nguvu. Tulimtoa nje, akapelekwa zahanati, akapona. Mmea nao ulikuwa mzima kabisa, na hapo ndipo tulipoanza kuulizana.

Mkaa unaowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu hukosa oksijeni mwilini huku akiendelea kuvuta pumzi. Hakuna mmea wa chunguni unaoweza kuiondoa gesi hiyo kwa kasi inayotoka kwenye jiko. Dawa yake ni kutoliingiza jiko ndani.

Basi habari ya mmea kusafisha hewa ilitoka wapi? Mwaka 1989 mtafiti B. C. Wolverton wa NASA, shirika la anga la Marekani, alitoa ripoti ya majaribio yake. Mimea iliwekwa ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa, zikaingizwa kemikali kama benzini na fomaldehidi, ambazo hutoka kwenye rangi, gundi na mbao za viwandani. Baada ya muda kemikali zilipungua. Majaribio hayo hayakuwa ya uongo, na yalifaa kwa watu wanaofikiria vyombo vya angani, ambako hakuna dirisha la kufungua. Lakini chumba chetu si kisanduku. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel walikusanya matokeo ya majaribio mengi ya namna hiyo, wakapiga hesabu: ili mimea ifanye kazi inayolingana na ile ya hewa inayoingia na kutoka yenyewe katika jengo la kawaida, ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita za mraba 9 kingetaka vyungu 90 kwa uchache. Kitanda tungekiweka wapi? Katika somo la mantiki tunaonywa kila wiki tusichukue lililo kweli kwa sharti fulani tukalifanya kweli kwa kila hali, na bado tunateleza.

Upo pia uvumi wa upande wa pili, ambao wengi wetu tuliusikia nyumbani: usilale na mmea, utakumalizia hewa usiku. Ni kweli kwamba mmea hupumua, na usiku hauna mwanga wa kutengenezea oksijeni. Lakini kiasi unachotumia ni kidogo mno. Mwenzako wa bwenini anatumia oksijeni nyingi kuliko vyungu vyote vya korido, na hatujawahi kumtoa nje. Tena sansevieria hufungua matundu ya majani yake usiku na kuvuta hewa ya ukaa, kisha huyafunga mchana ili isipoteze maji.

Faida iliyo wazi zaidi ni ya moyo na macho. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti juu ya wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliokuwa na dirisha lililotazama miti waliruhusiwa mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Ilikuwa miti ya nje, si chungu cha mezani, kwa hiyo tusiuvute utafiti huo kupita kiasi. Sisi tunasema tu tunaloliona: baada ya saa mbili za kusoma juu ya nafsi ya mimea kwa Aristotle, inapendeza kuinua macho na kuuona mmea wenyewe.

Kuutunza si kazi kubwa, ukijua kwao ni wapi. Ua dogo la zambarau tunaloliita urujuani wa Usambara, ambalo leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani, ni la milima yetu ya Tanga. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alilipeleka kwao mwaka 1892. Kwao ni kwenye nyufa za mawe, chini ya kivuli cha msitu wenye unyevu. Kwa hiyo lipe mwanga usio wa jua kali, na ulimwagilie kwa chini, maana maji baridi yakigusa majani huacha madoa. Zamiokulka, yenye majani yanayong'aa, nayo ni ya Afrika Mashariki; huhifadhi maji kwenye viazi vyake ardhini, na hustahimili ukipita mwezi bila kuikumbuka.

Mimea mingi ya ndani huuawa na huruma. Tunamwagilia kila asubuhi kama bustani ya mchicha, mizizi inakosa hewa na kuoza, majani yanakuwa ya njano, nasi tunadhani ina kiu, tunaongeza maji. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kama kuna unyevu, acha. Sansevieria hutosheka kwa wiki mbili au tatu, na wakati wa baridi hata zaidi. Kopo lolote linafaa, mradi litobolewe chini, na udongo uchanganywe na mchanga. Majani yafute vumbi kwa kitambaa chenye maji, kwani vumbi huzuia mwanga.

Sahani ya chini imwage maji na kuisugua kila wiki. Mbu wa homa ya dengi, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hutaga kwenye maji machache kama hayo, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi. Nyumbani kwenye watoto, epuka difenbakia, ile ya majani mapana yenye madoa meupe: utomvu wake huunguza mdomo na kuvimbisha ulimi.

Tulikata jani moja la mmea wa yule mwenzetu vipande vitatu, tukaviacha siku mbili vikauke jeraha, tukavipanda, upande wa chini ukiwa chini. Viwili vimechipua, ila machipukizi ni ya kijani tupu. Tumejifunza kwamba kipande cha jani hakirithishi ile mistari ya njano. Anayeitaka agawanye mmea kwenye shina lake la chini ya udongo.