Cyangugu kwa Miguu, Polepole

Mwezi huu tunawaletea habari za matembezi yetu. Tulikuwa familia tatu za hapa Kiziba, pamoja na bibi yetu mmoja wa Kalehe ambaye hakutaka kuja kabisa. Ile sehemu alikuwa ameipita mara moja tu, mwaka 1996, akikimbia.

"Nikafanye nini huko?" alituuliza. "Ile njia naijua."

Tukamwuliza aliona nini njiani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Migongo ya watu." Basi tukambembeleza mpaka akakubali.

Tulipanda basi, tukapitia Nyamasheke mpaka Kamembe, mji mkubwa wa wilaya ya Rusizi. Mpaka mwaka 2006 huko kuliitwa mkoa wa Cyangugu, na wazee hata leo wanasema Cyangugu tu. Tuliwekeana sharti moja: siku tatu bila haraka. Mtoto akitaka kusimama, wote tunasimama.

Siku ya kwanza tulizunguka soko la Kamembe. Watoto walisimama penye sambaza. Muuzaji mmoja mzee akawauliza kama wanajua hizo samaki zilitoka wapi. "Si humu ziwani?" Hapana, akawaambia, zilitolewa ziwa Tanganyika zikawekwa Kivu karibu na mwaka 1959. Zamani Kivu haikuwa na sambaza hata moja. "Kumbe nazo ni wageni!" alisema kijana wetu mmoja. Mzee akacheka: "Wageni, lakini sasa nani anapika bila hizo?"

Mbele kidogo tulisikia wamama wa kisiwa cha Nkombo wakiongea. Nkombo ni ya Rwanda, lakini lugha yao ni Kihavu, kama ya Idjwi na Kalehe. Bibi alisimama, akawaitikia. Walishangaa, wakamvuta kiti, na maongezi yakaenda mpaka saa saba mchana. Sisi tulikaa juu ya magunia tukingoja. Hatukulalamika, kwa sababu sharti ni sharti.

Siku ya pili tulitembea kwa miguu kwenye mashamba ya chai ya Shagasha. Wachumaji walituonyesha namna ya kuchuma: majani mawili na chipukizi lake, halafu yanapelekwa kiwandani siku ile ile kabla hayajaharibika. Kwa mbali tuliona milima ya msitu wa Nyungwe, ambao ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023. Tukawaeleza watoto jambo ambalo hata sisi wakubwa tulilisoma shuleni tukalisahau. Huko juu ndiko maji yanapogawana njia. Mvua ikinyesha upande wa mashariki, maji yanaenda Nili. Ikinyesha upande huu wa magharibi, yanaenda Kongo.

Siku ya tatu tuliteremka Bugarama. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na Bugarama iko chini yake kwa karibu mita 500. Masweta yote yalivuliwa! Huko ni tambarare, mpunga kila upande, na Kiswahili kinasikika sana kwa sababu Kongo na Burundi ziko karibu. Ng'ambo ya mto kuna Kamanyola. Watoto waliouliza njia kwa Kiswahili walijibiwa kwa Kiswahili, na hilo liliwafurahisha kuliko chakula.

Tuliporudi jioni, Bibi mwenyewe ndiye alisema: "Nipelekeni kule chini mtoni."

Tukateremka polepole mpaka pale unapoona mto Rusizi ukitoka ziwani, na Bukavu ng'ambo. Mjukuu wake, aliyezaliwa hapa kambini, akauliza: "Bibi, kwetu ndiyo pale?"

"Pale ni Bukavu. Kwetu ni mbele, unafuata ziwa." Akaanza kuhesabu kwa vidole: Kavumu, Katana, halafu Kalehe. Mtoto akarudia yale majina mara mbili mpaka akayashika. Kisha akauliza maji yale yanakwenda wapi. Tukamjibu: yanapita Kamanyola, yanaingia Tanganyika, na mwisho yanafika mto Kongo.

Hatukuvuka. Tulikaa tu mpaka taa za wavuvi zikaanza kuwaka ziwani. Kusema kweli, machozi yalikuwepo. Lakini Bibi hakuharakisha kuondoka, na sisi hatukumharakisha.

Familia zinazotaka kufanya matembezi kama haya: bebeni vitambulisho vyenu vya ukimbizi, mwagisheni kiongozi wa mtaa, msipige picha karibu na mpaka, na msikanyage mashamba ya watu. Wakati wa mvua njia za milimani zinateleza, kwa hiyo chagueni kiangazi. Bebeni maji na mahindi ya kuchoma. Na mkiwa na mzee nyumbani, nendeni naye, mumwache aongoze mwendo.

Bibi yetu sasa ndiye anayetusumbua: kila Jumapili anauliza tutarudi lini Nkombo, maana wale wamama walimwahidi kumpokea.