Soya changa: Kitafunwa cha dakika kumi, lakini zichemke kwanza



Saa za baada ya Alasiri huwashinda akina mama wengi. Watoto wamerudi kutoka shule na madrasa, njaa inawauma, na chakula cha usiku bado hakijabandikwa. Hapo ndipo mtoto anapopewa hela akanunue chochote, naye anarudi na pakiti ya krispi zenye chumvi nyingi au kitu kilichokaangwa kwenye mafuta yaliyotumika tangu asubuhi. Anashiba hayo, na usiku chakula hakimpiti. Wiki hii tutazame kitafunwa ambacho mama au baba anaweza kukiandaa jikoni ndani ya dakika kumi, nacho kikamjenga mtoto badala ya kumjaza tumbo tu.

Ndugu zetu wa Lindi na Mtwara wanaujua utamu wa mbaazi mbichi zilizochemshwa na maganda yake. Wajapani hufanya vivyo hivyo kwa soya. Huzivuna zikiwa bado za kijani, ganda limejaa lakini halijaanza kugeuka manjano, kisha huzichemsha na kuzila kwa chumvi kidogo. Wao huziita edamame, yaani maharage ya kwenye tawi. Ni soya hizi hizi zinazolimwa Ruvuma, Njombe, Iringa na Mbeya, isipokuwa zimechumwa changa. Mwenye shamba anaweza kuchuma kikapu kimoja kabla mengine hayajakauka. Ukizikuta zimegandishwa katika duka kubwa la mjini, nazo zinafaa.

Zina faida gani?

Gramu 100 za punje zilizochemshwa, bila maganda, zina protini takriban gramu 12. Hiyo ni sawa na mayai mawili. Tena protini ya soya ina aina zote 9 za asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, jambo lisilo la kawaida kwa vyakula vya mimea. Kiasi hicho hicho kina nyuzinyuzi gramu 5 hivi, zinazosaidia choo kuwa laini, na foleti takriban mikrogramu 300, ambayo ni karibu nusu ya mahitaji ya mama mjamzito kwa siku. Kwa nyumba ambayo nyama huonekana Ijumaa hadi Ijumaa, hili si jambo dogo.

Usile soya isiyopikwa

Hapa ndipo penye kosa kubwa majumbani mwetu. Soya isiyopikwa ina vizuizi vinavyoizuia tripsini, kimeng'enya cha mwili kinachosaga protini. Mtu akila soya hivyo, tumbo humjaa gesi na kumuuma, na ile protini aliyoitafuta haimfikii vizuri. Moto ndio unaovipunguza nguvu vizuizi hivyo.

Kwa hiyo mzazi anayepeleka soya kavu mashineni bila kuzipika, akachanganya na mahindi kwa ajili ya uji wa mtoto, anajidanganya kwamba amempa lishe, hasa uji huo ukiondolewa motoni mapema. Soya kavu ziloweke usiku kucha, umwage maji yake, uzichemshe katika maji mapya kwa nusu saa au zaidi, uzianike zikauke kabisa, ndipo usage. Kisha uji nao uchemke vya kutosha. Soya changa ni laini, hivyo hazihitaji muda mrefu, lakini nazo zisiliwe kabla ya kuchemshwa.

Namna ya kuandaa

1. Chukua nusu kilo ya soya changa na maganda yake. Chagua, toa zilizooza au zenye ukungu, kisha zioshe kwa maji safi mara mbili au tatu. Maganda yana vinyweleo vinavyoshika vumbi, hivyo yasugue kwa viganja.

2. Chemsha maji lita mbili katika sufuria hadi yatokote. Tia chumvi kijiko kimoja cha chai.

3. Tia soya. Maji yakirudi kutokota, hesabu dakika 5 hadi 7. Zilizogandishwa zifuate maelezo ya pakiti.

4. Toa moja uionje. Punje iwe laini huku bado ina ugumu kidogo. Zichuje, zipoe.

5. Kamulia ndimu au limau. Mwenye kupenda aongeze pilipili ya kusaga.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyake vyote. Basi usinyunyize tena chumvi mezani, hasa penye mgonjwa wa shinikizo la damu.

Wengine huzitia mchuzi wa soya wa chupa. Soma kwanza maandishi ya chupa, kwani baadhi ya michuzi hiyo imeongezwa alkoholi. Ndimu inatosha, na moyo unatulia.

Usafi na adabu ya kula

Kitafunwa hiki huliwa kwa mkono na mdomo. Unashika ganda, unalibana kwa meno, punje zinatoka. Ganda lenyewe haliliwi. Kwa hiyo kila mmoja anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, aseme Bismillah na ale kwa mkono wa kulia.

Maganda matupu yasirudishwe katika sinia wanamokula wengine, kwa sababu yametoka mdomoni. Weka bakuli la pembeni. Imepokewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Abdullah bin Busr (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipokula tende aliziweka kokwa kati ya vidole viwili, cha shahada na cha kati. Imam An-Nawawi ameeleza kuwa hakuzitia chomboni ili zisichanganyike na tende. Tazama jinsi Sunna ilivyotutangulia katika usafi.

Zilizobaki usiziache mezani zaidi ya saa mbili. Ziweke kwenye friji ndani ya chombo chenye mfuniko, zimalizwe ndani ya siku mbili au tatu. Maganda wape mbuzi au yatupe kwenye shimo la mbolea, sio mtaroni.

Wa kuchukua tahadhari

Mtoto mdogo anaweza kupaliwa na punje nzima, basi mpondee. Wapo wenye mzio wa soya: mtu akila akavimba midomo, akatoka vipele au akabanwa na pumzi, akimbizwe hospitali mara moja. Anayetumia dawa za tezi ya shingo azungumze na daktari wake, kwani soya hupunguza ufyonzwaji wa dawa hizo zikiliwa kwa wakati mmoja.

Ukikosa soya changa, mbaazi mbichi, kunde za maganda na njugu mawe zinaandaliwa kwa mtindo huu huu. Kila moja ina muda wake wa kuiva, na njugu mawe huchukua muda mrefu zaidi.

Allah ametuamrisha tule vilivyo halali na vizuri. Mtoto anayerudi njaa ana haki ya kuvikuta nyumbani kabla hajavitafuta barabarani. Wabillahi tawfiq.